Jibu: Kwa nini walimkandamiza mzee kinenani baada ya katheta
Ndugu, umeuliza kwa nini, baada ya kumtoa mzee katheta (mrija mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa kinenani), walimkandamiza pale badala ya kumfunga bandeji tu. Mshipa ule ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, damu yake hutoka kwa presha, bandeji peke yake haitoshi. Kukandamiza kwa mkono ni njia ya zamani na bado naiamini: dakika 15 hadi 20 bila kuachia kuchungulia, vidole juu kidogo ya tundu la ngozi, maana sindano huingia kwa mshazari na tundu la mshipa liko juu zaidi. Vipo pia vifaa vya kufunga tundu hilo: Angio-Seal, inayoziba kwa kolajeni (aina ya protini), na Perclose, inayoshona mshipa; mgonjwa huinuka mapema.

Nyumbani, akikohoa abonyeze pale kwa kiganja. Damu ikianza tena alale chali, mkandamize kwa nguvu, mwite msaada. Maumivu makali ya kiuno pamoja na kizunguzungu, hata bila damu kuonekana nje, mrudisheni hospitali hapo hapo.