Umeniuliza usome dua gani

Jumatatu usiku, nimeshafunika cherehani, ujumbe ukaingia. Msomaji wangu mmoja, yuko Muscat, Oman, kazi za ndani. Jina lake nalihifadhi. Anasema ana miezi mitatu hapati usingizi, analia jikoni bila kujua analilia nini, chakula kinywani kama udongo. Amesoma Yasini, amesoma Baqara yote, amefukiza ubani mpaka mama mwenye nyumba akagomba. "Dada, naomba unisaidie, nisome dua gani?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali hilo hilo niliwauliza watu mwaka 2019. Dua nilipewa, tena nyingi, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi ninazo mpaka leo. Aliyeniuliza kama nimekula hakuwepo.

Kwa hiyo najibu hapa, kwa urefu, na wengine msome.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa 2018. Mimi ni fundi, nashona Ngamiani hapa Tanga, wakati huo nilikuwa na cherehani mbili na binti wa kunisaidia. Arubaini ikasomwa, masufuria ya watu yakarudishwa, kila mtu akarudi kwake, mimi nikabaki palepale msibani. Sikuwa nalia sana, na hicho ndicho kilichonichanganya. Nilikuwa mzito tu. Mkasi ulikuwa mzito. Kuitikia salamu kulikuwa kuzito. Saa tisa za usiku macho yanafunguka kama niliyeitwa, natazama dari mpaka adhana ya Alfajiri, na adhana ikiisha bado nimelala palepale nikijichukia kwa kutoinuka.

Nilikuwa na oda ya magauni kumi na mawili, sare za harusi. Vitambaa vikakaa kwenye mfuko wiki tano, sikukata hata kimoja. Wenyewe walipokuja nilijifungia chumbani. Nje barazani nikamsikia shangazi wa bibi harusi akisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "Huyu si fundi, huyu mwizi." Nilirudisha vitambaa kupitia kwa binti yangu wa kazi. Kianzio nilikuwa nimeshakila, nikauza cherehani moja nikakirudisha. Nimeandika sentensi hizi na masikio yamepata moto kama ilikuwa jana.

Wifi yangu ndiye aliyekuja na hukumu. Yeye ni mtu wa darsa za dini, akisema wanawake wanaitikia. "Anayeswali sawasawa hapatwi na hayo," akaniambia. "Jitazame baina yako na Mola wako kuna nini." Nikajitazama. Nilijitazama miezi minne, na kila nilipojitazama niliona sababu mpya ya kwamba nastahili.

Mwili nao ulikuwa unasema kwa lugha yake. Kichwa, mgongo, tumbo linachoma. Zahanati moja ikanitibu malaria, ikanitibu taifodi, ikanipa dawa za vidonda vya tumbo. Nyumbani habasoda nimekula, chuku nimepigwa, yaani nimeumikwa. Wako waliotaka nipelekwe nikapungwe pepo, nikakataa, na msinisifu, sikukataa kwa ushujaa wala kwa elimu. Sikuwa na nguvu za kukaa kwenye ngoma.

Kombe nilikunywa. Hapa naomba madaktari msikasirike na mashehe msishangilie. Mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, aliniandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi ya mawaridi, akaniambia nije kunywa asubuhi saba, na nije kwa miguu, asiniletee mtu. Zile siku saba nilipata nafuu. Nilidhani ni zafarani. Siku ya nane hakuna aliyekuwa ananingoja popote, nikarudi kitandani. Baadaye sana ndiyo nikaelewa kilichotokea: asubuhi saba mfululizo nilioga, nikavaa baibui, nikapigwa na jua, nikasalimiana na watu wanane njiani, na mwisho wa safari alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa akijua kama sikufika. Maneno ya Mungu yalikuwa ndani ya kombe, sikatai. Lakini yule mzee alinitoa nje ya nyumba, na sijui kama mwenyewe alijua ukubwa wa alichofanya.

Hospitali kubwa nilikwenda kwa ajili ya tumbo. Nesi akaniangalia usoni, akaweka kalamu chini, akauliza, "Unalala?" Basi. Neno moja, na nikalia mpaka nikaona haya. Akanisomea maswali tisa, kila moja linaanza na wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, usingizi, chakula, uchovu, kujiona hufai. La mwisho linauliza kama umewahi kuona ni afadhali ungekufa. Nikasema ndiyo. Hakushtuka, hakunisomea dua, hakumwita mume wangu. Aliandika, akanishika mkono akanipeleka kwa daktari mwenyewe.

Sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Neno nilishalisikia redioni, nikidhani ni la watu wengine. Shirika la Afya Duniani limekadiria zaidi ya watu milioni 280 wanaishi nayo, wanawake wengi kuliko wanaume. Milioni 280, na kwa hesabu za wifi yangu wote hao hawaswali.

Nilipewa amitriptilini, kidonge cha usiku. Wiki mbili za mwanzo sikuona chochote zaidi ya mdomo mkavu na usingizi wa kuanguka. Wiki ya nne jirani alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikanijia, nikatamani kula. Ukiwa mzima huwezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Halafu nikafanya ujinga. Darsani kulisemwa, na nilijua nasemwa mimi, kwamba anayetegemea vidonge kwa maradhi ya moyo tawakali yake ina kasoro. Nikaviacha siku hiyohiyo, ghafla, bila kumwambia daktari. Zikaja siku za kichefuchefu na jasho, usingizi ukakatika, na mwezi haujaisha nikawa chini kuliko mwanzo. Yule aliyesema hayo ana presha, na kidonge chake cha presha hajawahi kukiacha hata siku moja. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, alimwambia amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo nilifundishwa na watu walewale.

Daktari hakunigombeza. Tukaanza upya.

Na hapa ndipo anapoingia bibi wa nyumba ya pili, muuza maandazi. Siku moja alinikuta mlangoni akasema, "Mwanangu, macho yangu hayaoni tena, njoo unichambulie mchele." Nikaketi naye barazani, ungo magotini, natoa chuya na vijiwe. Kesho yake akaniita tena. Wiki nzima mchele wake ulikuwa mchafu! Mazungumzo yenyewe yalikuwa kidogo. Siku ya tano au ya sita nikamwambia kuhusu mama, nikamwambia kuhusu yale magauni. Akaendelea kupeta. "Mimi nilipozika wa pili," akasema, "sikupika miezi mitano." Hakuongeza neno.

Miaka ikapita nikasoma habari za Zimbabwe. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza Harare mwaka 2006 na mabibi kumi na wanne. Akawafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye benchi karibu na kliniki, na watu wenye huzuni wakaja kuketi nao. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na mimi nikacheka peke yangu kwa sababu ndivyo tunavyosema hapa: huyo ana mawazo. Utafiti wao ulitoka 2016, watu 573, na walioketi na mabibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Sisi watu wa pwani kila nyumba ina benchi la kuketi mtu na bibi, limejengwa kwa udongo na mawe, na siku hizi tunaliwekea friji la soda.

Sasa dua, dada yangu, maana hilo ndilo uliloniuliza. Iko dua ambayo Mtume mwenyewe alikuwa akiisoma kwa wingi, anajikinga kwa Mungu na hamm na hazan, wasiwasi na huzuni. Isome. Lakini tazama kwanza nani alikuwa anaisoma. Kama huzuni ingekuwa dalili ya imani ndogo, yeye angejikinga nayo kwa nini? Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakaingia weupe, na hakuna aliyemwambia ajitazame baina yake na Mola wake.

Aya iliyonishika mimi ni ya Bibi Maryamu. Nilikuwa nimeshaisoma mara mia. Uchungu umemfikisha kwenye shina la mtende, yuko peke yake, anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Jibu lililomjia likoje? Asihuzunike, chini yake kuna kijito. Atikise shina, tende zitaanguka. Ale, anywe, jicho lake litulie. Usiku niliposimama hapo nilikuwa na sahani ya wali mbele yangu ambayo sijaigusa. Mwanamke ametamani kufa, na Mola wake amemjibu kwa maji na tende. Na bado akaambiwa atikise! Mzazi ana nguvu gani ya kutikisa mnazi, seuze mtende? Lakini mkono uguse shina. Nikala matonge matatu.

Tangu siku hiyo ibada yangu ina miguu. Nikiswali Alfajiri sirudi kitandani, natoka. Mwanzo nilifika kwenye mwembe tu na kurudi. Sasa nafika Raskazone, nakitazama Kisiwa cha Toten mpaka jua lipande. Uradi wangu, kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, nauvuta njiani, hatua na pumzi. Nikirudi nakunywa uji. Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, na anasimulia kwamba Mtume alisema unatuliza moyo wa mgonjwa. Mimi shayiri ya dukani bei yake siiwezi, napika ulezi, na moyo haujalalamika. Usiku simu inalala sebuleni. Ramadhani namuuliza daktari mapema, kidonge nakimeza baada ya futari. Mwaka nilipokuwa hoi sikufunga, na mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe, si na mimi.

Unaona hakuna jipya. Toka nje, kula, lala, keti na mtu, meza dawa, omba. Najua wewe unayenisoma unataka nilichokitaka mimi, kufungua duka lako asubuhi na watu wakukute umesimama. Huko kunafikika. Lakini nanyi ndugu wa mgonjwa, mnaokuja na aya mkononi kama fimbo, mwogopeni Mungu. Mtu aliyezama haambiwi kwamba waogeleaji wazuri hawazami. Mpikieni. Fueni nguo zake. Mwende naye hospitali, mkae naye kwenye foleni, kisha ndiyo mmwombee, na mkimwombea msimwambie mmemwombea nini.

Dada wa Muscat, najua huna baraza wala bibi wa maandazi. Una paa la kuanikia nguo. Panda baada ya Alfajiri, simama juani dakika kumi, soma uradi wako hapo. Shayiri huko ipo, omba upike. Mwambie mtu mmoja, hata kwa simu, si kwamba una mawazo, mwambie hivi: silali, sili, miezi mitatu. Kwa mama mwenye nyumba sema hayo hayo na uombe upelekwe kliniki. Na kama lile swali la tisa ungelijibu ndiyo, basi usiku huu usikae peke yako chumbani. Gonga mlango wa yeyote, nipigie na mimi, saa tisa za usiku huwa bado nafahamu kuamka.

Wiki iliyopita aliingia mwanamke na binti yake, anataka gauni la Idi. Nilimtambua palepale, ndiye bibi harusi wa zile sare. Yeye ama hakunitambua ama alinistahi. Nikampima mtoto, kifua inchi 23, mabega kumi. Alipotoa kianzio nilimwambia asubiri, atalipa nguo ikiwa mkononi mwake. Gauni nimelimaliza siku tatu kabla, limetundikwa mlangoni.