Aldosteroni “ya kawaida” na shinikizo la damu lisiloshuka

Swali: Nina umri wa miaka 41. Natumia dawa tatu za shinikizo la damu, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, na bado vipimo vyangu hubaki karibu na 150/95. Daktari aliagiza nipimwe homoni. Majibu ya maabara yanaonyesha kwamba aldosteroni iko ndani ya kiwango cha kawaida, potasiamu ni ya kawaida, ila renini iko chini mno. Daktari anasema huenda chanzo ni homoni. Inawezekanaje, ilhali homoni yenyewe ni ya kawaida? Na je, ugonjwa huo si wa nadra?

Jibu: Majibu hayo hayapingani na maneno ya daktari wako, yanayaunga mkono. Kiwango cha kawaida cha aldosteroni kinachochapishwa na maabara hutokana na watu wenye afya, ambao homoni hiyo kwao hupanda na kushuka kulingana na chumvi wanayokula, na hata kulingana na kusimama au kulala kwao. Namba ya aldosteroni ikisomwa peke yake haitoshi kuamua lolote. Linaloulizwa ni kama kiasi hicho kinastahili kuwapo wakati renini iko pale ilipo.

Shinikizo la damu linapopungua ndani ya figo, au chumvi inapopungua mwilini, figo hutoa renini. Renini huanzisha mfululizo unaozalisha angiotensini II, nayo huziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe aldosteroni. Aldosteroni huifanya figo irudishe sodiamu kwenye damu, maji yakaifuata, huku potasiamu ikitolewa kwa mkojo. Chumvi na maji vikishatosha, renini hushuka, na aldosteroni inapaswa kushuka pamoja nayo. Kwako renini imeshuka lakini aldosteroni haikushuka, dalili kwamba tezi inafanya kazi bila kuamriwa. Hali hii huitwa aldosteronizimu ya msingi.

Kuna jambo ambalo karatasi ya maabara haisemi. Dawa ya kuongeza mkojo kwa kawaida hupandisha renini. Renini inayobaki chini mno licha ya dawa hiyo ni ushahidi mzito. Hata hivyo, ikiwa mojawapo ya dawa zako tatu ni kizuizi cha beta, kwa mfano atenololi au bisoprololi, uzito huo unapungua, kwa sababu dawa za kundi hilo huishusha renini zenyewe.

Kuhusu unadra, dhana hiyo ina historia yake. Aldosteroni ilitambuliwa mwaka 1953, na miaka miwili baadaye Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha habari za mwanamke mwenye shinikizo la juu la damu, misuli iliyolegea na potasiamu ya chini sana, aliyepona baada ya kuondolewa uvimbe wa tezi ya adrenali. Kwa miongo mingi madaktari waliitafuta hali hii kwa wagonjwa waliofanana na huyo tu, na kwa sababu hiyo wakawapata wachache. Vipimo vya aldosteroni na renini kwa pamoja vilipoenea, ilibainika kwamba walio wengi wana potasiamu ya kawaida kama wewe. Leo inakadiriwa kwamba hali hii imo kwa takriban asilimia 5 hadi 10 ya wenye shinikizo la juu la damu, na kwa kiasi cha mmoja kati ya watano miongoni mwa wale ambao shinikizo lao halishuki kwa dawa tatu. Kwa maoni yangu, kusubiri potasiamu ishuke ndipo mtu apimwe ni kumcheleweshea tiba: aldosteroni iliyozidi huudhuru moyo, figo na mishipa ya damu kuliko shinikizo peke yake lingeweza kueleza.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni kipimo cha kuthibitisha, mara nyingi kwa kutiwa lita 2 za maji ya chumvi kwenye mshipa kwa saa 4, ili ionekane kama aldosteroni itashuka. Ikithibitika, hupigwa picha ya CT skani. Picha hiyo haitoshi kuamua upasuaji, kwa kuwa vivimbe visivyo na madhara kwenye adrenali si haba, hasa umri unaposonga. Ndiyo sababu damu huchotwa kwenye vena ya kila tezi na kulinganishwa. Tezi moja ikiwa ndiyo chanzo, huondolewa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba homoni hurekebika kwa takriban asilimia 94 ya waliofanyiwa upasuaji, ingawa ni asilimia 37 tu walioweza kuacha dawa za shinikizo kabisa. Tezi zote mbili zikihusika, hutumika spironolaktoni, na potasiamu hupimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo huipandisha. Baadhi ya wanaume huvimba matiti wakiitumia, na hao hubadilishiwa eplerenoni.

Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe ili kujiandaa kwa kipimo. Mpelekee daktari orodha kamili ya dawa ulizokuwa ukitumia siku damu ilipochotwa, zikiwamo za kutuliza maumivu, naye ataamua kama kuna ya kubadilishwa kabla ya kurudia.