Maswali ya wasomaji: nyundo, fuawe na bangili zinazopasuka

Mwezi huu safu imejaa barua za wanaofua fedha na shaba, Unguja na Pemba. Karibu zote zinailaumu nyundo. Tumezisoma na tunaona nyundo inasingiziwa sana: mara nyingi kosa liko kwenye kile kilichokaa chini ya bamba, au kwenye moto uliotangulia.

*Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha kinamama, tunatengeneza herini za shaba nyekundu. Tunataka vibonyeo vya duara vinavyometa kama magamba ya samaki, lakini tunapata alama kali kama mwezi mwandamo, nyengine zimekaribia kukata bamba. Nyundo yetu ni ile ya mafundi gari, upande mmoja bapa na mwengine mviringo. Tunakosea wapi? – Kinamama wa Jambiani*

Wa alaykum salaam. Huo mwezi mwandamo ni ukingo wa nyundo. Uso bapa ukipinda kidogo tu mkononi, ukingo ndio unaotangulia kufika, nao ukiwa mkali hukata. Magamba ya samaki yanatoka upande wa mviringo. Upande bapa kazi yake ni kunyoosha na kulainisha, na hata huo usiutumie kama ulivyotoka dukani.

Bana kichwa cha nyundo kwenye jiliwa. Kwa tupa laini vunja ukingo wote wa uso bapa, uanze kuteremka kama milimita 2 kutoka pembeni. Kisha piga msasa namba 220, halafu 400, 600, na 1000. Kila unapobadilisha msasa, badilisha na mwelekeo, mikwaruzo ya msasa mpya ikatize ya ule wa kabla, na usihamie namba inayofuata mpaka ile ya nyuma imefutika yote. Malizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma. Upande wa mviringo nao uutendee hivyo hivyo. Uso uwe unaweza kuonea nyusi zako. Si urembo: shaba hunakili kila kilichomo kwenye uso wa nyundo, na mkwaruzo mmoja utaupiga chapa mara mia mbili juu ya herini moja.

Fuawe nayo ni nyundo ya pili, inapiga kutoka chini. Ikiwa na makovu, yatatokea mgongoni mwa herini. Kwa hiyo isuguliwe vilevile, na nyundo isigonge fuawe tupu hata mara moja, maana vyote viwili huumia.

Bamba la milimita 0.8 linafaa. La 0.5 ni jembamba mno: vibonyeo hutokeza upande wa pili, na herini hujikunja kama jani kavu. Lipashe moto kwanza mpaka lilainike. Shika mpini karibu na mwisho wake, kiwiko kitulie, kifundo cha mkono ndicho kicheze. Nyundo ya gramu 200 hadi 250 iache ianguke kwa uzito wake. Nyundo ipige mahali pamoja, bamba ndilo litembee. Kila kibonyeo kipande juu ya mwenzake kiasi cha theluthi, na ukifika ukingoni punguza nguvu, kwani pembeni madini hayana pa kukimbilia isipokuwa nje, na umbo litaharibika.

Herini za jozi msizipige mbali mbali. Pigeni nakshi bamba moja kubwa, ndipo mkate mbili kutoka humo. Zikikatwa kwanza, kila moja itatanuka kwa namna yake, na hazitafanana tena. Bamba likijikunja, lilazeni juu ya ubao na mligonge kwa nyundo ya mbao, upande wenye nakshi ukiangalia chini.

Mkimaliza kazi, pakeni nyundo mafuta ya cherehani. Upepo wetu una chumvi, na wakati wa masika kutu huingia kwa usiku mmoja. Mafuta ya nazi waachieni nywele. Yakichacha yanakula chuma.

*Nyundo ya seremala, yenye kucha, yafaa kufulia fedha? – Msomaji, Mkoani*

Kwa kugonga tindo na vyuma vya kunakshi, yafaa sana. Kwa kugonga fedha yenyewe, hapana: ni nzito, na uso wake umejaa makovu ya misumari. Na kinyume chake ni muhimu zaidi: ile uliyoisugua mpaka inang'aa usiigongee tindo abadan.

*Nimeyeyusha reale moja ya Shamu, nikamimina mkuo, yaani fimbo nene ya kuanzia, nikaanza kufua bangili ya duara. Safari ya tatu imepasuka ubavuni na ncha moja imechanika. Watu wananambia fedha ni mbovu. Kweli? – Msomaji, Wete*

Si mbovu, ila si ile unayonunua leo kama fedha ya 925. Reale ya Shamu, ile yenye sura ya Maria Theresa, ina uzito wa gramu 28 na fedha ndani yake ni sehemu 833 katika 1,000. Iliyobaki ni shaba hasa. (Karibu zote zina mwaka 1780 hata zilizopigwa juzi, kwa hiyo mwaka huo haukwambii umri wake. Kama ni ya urithi, fikiri mara mbili kabla ya kuiyeyusha.) Shaba ikizidi, madini hukaza upesi chini ya nyundo, na fedha ya 833 huhitaji kurudi motoni mara nyingi kuliko 925.

Fedha inayofuliwa hukaza. Utaisikia kabla ya kuiona. Ikiwa laini hutoa sauti nzito, butu. Ikikaza inalia kwa sauti ya juu na nyundo inaruka mkononi. Hapo simama. Anayesema "nimalizie upande huu tu" ndiye anayepasua.

Kuilainisha: kaa kivulini, mbali na jua. Ukifanya juu ya baraza saa sita mchana hutauona wekundu, na utapitiliza. Zungusha moto wa gesi juu ya kipande chote mpaka kipate wekundu hafifu, kama kaa linalokufa chini ya jivu. Kwa 925 hiyo ni baina ya nyuzi 600 na 650 za Selsiasi. Ukifika rangi ya chungwa umezidisha: chembe za madini hukua, na uso utatoka na vipele kama ganda la chungwa ukiufua tena. Karibu nyuzi 800 fedha hiyo inaanza kuyeyuka. Ondoa moto, subiri wekundu upotee, ndipo utie majini. Shaba nyekundu haina haja ya kusubiri. Shaba ya njano iache ipoe yenyewe, maana ikitumbukizwa ingali na moto mkali huweza kupasuka.

Weusi uondoe kwa maji ya moto yaliyotiwa shabu, au asidi ya limau. Usitie koleo la chuma humo: fedha itatoka na rangi ya waridi, ni shaba iliyojipaka juu yake. Tumia kibanio cha shaba au cha mti.

Sasa ule ufa wa ubavuni. Tunadhani ulikuwa unafua mkuo moja kwa moja kuwa duara, ukiuzungusha zungusha. Hivyo nje inakimbia na katikati inabaki nyuma, na moyo wa fimbo hupasuka. Njia ni hii: fua pande nne uwe mraba, uendelee mraba hadi ukaribie unene unaoutaka. Kisha piga pembe nne ziwe pembe nane. Halafu pembe nane ziwe kumi na sita, na hapo duara linakuja lenyewe kwa mapigo mepesi. Kwenye mkuo mpya mapigo ya mwanzo yawe mepesi pande zote, kwa sababu madini yaliyomiminwa hayajashikana vizuri.

Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, usiufue ukidhani utajifunga. Utaukunja tu ndani. Uchimbe kwa tupa mpaka uone madini mazima, ndipo uendelee. Ncha zilizochanika zikate.

Na kama baada ya haya yote bado inabomoka, hasa ikiwa na moto, tazama ulichanganya nini kwenye chungu. Kipande kidogo cha fedha chenye lehemu ya risasi kinatosha kuifanya fedha yote iwe kama biskuti. Fedha ya namna hiyo haitengenezeki kwa nyundo, ipelekwe kusafishwa.

Hesabu yako ya fedha inatosha. Bangili ya duara yenye unene wa milimita 3 na upana wa ndani wa milimita 65 inataka fimbo ya (65 + 3) × 3.14, yaani karibu milimita 214, na itakula kama gramu 15. Utabakiwa na ya kipini na pete.

*Pete ya fedha niliilehemu ikamkaa mteja sawasawa. Nilipoipiga vibonyeo ikawa inazunguka kidoleni. – Mwanafunzi wa ufundi, Chake Chake*

Umeifua, nayo imerefuka. Ndiyo kazi ya nyundo ya chuma: madini yaliyobanwa baina ya nyuso mbili ngumu huwa membamba na kukimbilia pembeni. Nyundo ya ngozi au ya nailoni huviringisha bila kurefusha, kwa hiyo kuinyoosha pete iwe duara tumia hiyo.

Urefu wa kipande ni upana wa ndani kujumlisha unene, mara 3.14. Pete ya upana wa ndani milimita 18 na unene 1.5 inataka milimita 61.2. Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo tunaipenda zaidi, ni kupiga nakshi kwenye ukanda mrefu ukiwa umenyooka, kupima unene wake baada ya kuupiga, kisha kukata 61.2, kukunja na kulehemu. Ya pili ni kukata kama milimita 60, kulehemu, na kuacha nyundo iikuze. Hii ya pili inataka mkono uliozoea, na kipimo kila baada ya mzunguko mmoja. Chuma cha pete, kile unachoivisha pete unapoigonga, kimechongoka, basi geuza pete kichwa chini miguu juu kila mzunguko, la sivyo upande mmoja utakuwa mpana kuliko mwengine. Kwenye kiungo cha lehemu piga kwa upole.

Pete ya sasa usiitupe. Kata penye lehemu, punguza, ulehemu tena. Kila milimita 3.14 unayoitoa inapunguza upana kwa milimita 1.

*Naishi ghorofa ya pili Mji Mkongwe. Majirani wa chini wamechoka na kelele zangu, na mimi fuawe sina, natumia bapa la chuma juu ya meza. – Msomaji, Malindi*

Wana haki. Meza yako ni ngoma, na sakafu ya boriti na chokaa ni ngoma ya pili. Bapa linaloruka juu ya meza pia linakula nusu ya nguvu ya pigo, ndiyo maana unapiga kwa nguvu zaidi.

Tafuta kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kilo 3 au 4. Uso mmoja usugue kama tulivyoeleza juu, kichwa kikizamishe kusimama ndani ya gogo la mwembe au mfenesi, nyuzi za mti zikiwa wima. Kipande cha reli kutoka Bara nacho ni kizuri, ila mgongo wake umebinuka, lazima usawazishwe kwanza. Chini ya gogo weka mfuko wa turubai uliojaa mchanga mkavu, na chini ya mfuko vipande viwili vya tairi. Gogo likae karibu na ukuta, pale boriti zinapoingia ukutani. Katikati ya chumba ndipo zinapotikisika zaidi. Urefu wake uwe hivi: ukikaa kitini, uso wa fuawe ulingane na kiwiko chako. Ziba masikio, hata kama umezoea. Na baada ya sala ya isha, waachie watu walale.

*Nina mafurungu ya fedha ya marehemu bibi, ya kuvaa miguuni, makubwa, matupu ndani. Moja limebonyea. Nataka kuligonga lirudi sawa kabla ya harusi ya binti. – Msomaji, Makunduchi*

Usiligonge. Bamba la furungu ni jembamba, na pigo la nje huongeza mbonyeo au hupasua mshono. Kinachorudisha mbonyeo ni nguvu ya kutoka ndani: sonara huingiza chuma kilichopinda, chenye kichwa cha mviringo, kupitia uwazi wa furungu, akausukuma huku nyundo ndogo ya ngozi ikizuia nje. Likiwa limefungwa kote, kazi hiyo haiwezekani bila kufungua mshono, na kwa mbonyeo mdogo haistahili.

Kabla ya kumpa sonara yeyote, litikise sikioni. Mengine yana vijiwe ndani, vilivyotiwa makusudi yalie mtu akitembea. Likiwa kimya lakini zito kuliko linavyoonekana, huenda limejazwa lakiri au utomvu. Hilo mwambie kabla hajawasha gesi: likipata moto, ujazo unachemka na mvuke unaweza kulipasua usoni pake.

Kwa harusi lipanguse tu kwa kitambaa laini chenye chokaa laini iliyochujwa na maji kidogo, kisha ulikaushe mara moja. Usiliroweke, maji yakiingia ndani hayatoki. Likirudi sandukuni lifunge kwa kitambaa cha pamba, si kwa mipira ya kufungia: mpira una kiberiti, nacho huisawijisha fedha palepale ulipogusa.