Una elfu sitini na unataka kibodi ya gemu yenye taa

Kibodi yangu ya kwanza ya gemu niliinunua kwa macho. Nilikuwa nimejilaza nyumbani Chikongola, hapa Mtwara, umeme umekatika, nikaiona picha kwenye ukurasa wa duka moja la Kariakoo: kibodi nyeusi, taa zinawaka kama ukumbi wa harusi, bei 45,000. Nikauliza kama ni mekanika, yaani yenye swichi yake kamili chini ya kila batani. Muuzaji akajibu hapo hapo, "Mekanika kabisa bosi wangu, hiyo ni ya gemu." Nikatuma hela, nikaongeza ya kifurushi, kesho yake jioni nikawa stendi nangojea basi. Usiku ule mimi na mdogo wangu tulizima taa ya chumbani makusudi, tukakaa tunaiangalia. Hatukucheza chochote. Tulikuwa tunaiangalia tu.

Aibu ilikuja siku ya pili. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, haina kadi ya picha, kwa hiyo tunacheza Counter-Strike ya zamani, ile 1.6. Nikawa nakimbia mbele huku nakwepa kulia, nabonyeza batani ya tatu, kimya. Mara nyingine inakubali, mara nyingine inagoma. Dogo akaniambia vidole vyangu vimezeeka, na mimi karibu nimwamini.

Tatizo lilikuwa kibodi, na kipimo chake ni cha bure. Fungua Notepad. Shika Shift zote mbili, ya kushoto na ya kulia, usiziachie, halafu andika kuanzia A hadi Z kwa kidole kilichobaki au mwombe mtu akuandikie. Kwangu zilitoka herufi 19. Saba zilimezwa.

Sababu yake ukishaielewa hutadanganywa tena na boksi. Chini ya batani za kibodi ya bei rahisi kuna karatasi za plastiki zenye mistari ya umeme, mingine inakwenda wima, mingine mlalo, kama nyuzi za jamvi. Kila batani imekaa pale mistari miwili inapokutana. Ukibonyeza batani tatu ambazo zimekaa kwenye pembe tatu za mstatili, umeme unazunguka na kibodi inaona kama pembe ya nne nayo imebonyezwa. Ili isiandike herufi ya uongo, inaamua kuikataa ile ya tatu. Kibodi za mekanika nyingi zina diodi kwenye kila batani inayozuia umeme kurudi nyuma, ndiyo maana hazina ugonjwa huo. Zile za mpira, yaani zenye karatasi hizo na vikombe vya mpira chini ya batani, zikitengenezwa kwa ajili ya gemu huwa zimepanga mistari upya sehemu ya W, A, S, D na jirani zake tu. Kwa hiyo boksi likiandika kwa herufi kubwa kwamba batani 19 au 26 hazigongani, jua ni hizo 19 au 26, si kibodi nzima. Kwa mcheza gemu wa kawaida zinatosha. Yangu haikuwa na hata hizo.

Sasa nikueleze mkasa wa taa, maana huu sijaona mtu akiuandika. Mchana nafanya kazi steshenari. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa kumi, vyama vya msingi vinaleta orodha za wakulima tuchape: jina, kilo, makato, malipo. Nikaipeleka kibodi yangu kazini kujionyesha. Ninafungua Excel, nabonyeza mshale wa chini nihamie kwa mkulima anayefuata, ukurasa mzima unashuka na mimi nimebaki palepale. Nikaandika kilo za mtu juu ya kilo za mtu mwingine. Katibu wa chama amesimama nyuma yangu na daftari lake, ananihesabia pumzi.

Nilihangaika nusu saa. Kumbe kwenye kibodi nyingi za bei ya chini taa zinawashwa kwa batani ya Scroll Lock. Taa zikiwaka maana yake Scroll Lock imewashwa, na Scroll Lock ikiwashwa Excel inahamisha ukurasa badala ya kuhamisha kisanduku. Kwa hiyo ilinibidi nichague moja, niwe na taa au niwe na kazi. Kama kibodi hiyo hiyo itakulisha na kukuburudisha, uliza kabla ya kulipa taa zinawashwa na batani gani. Inayotaka Fn pamoja na batani nyingine, au yenye batani yake ndogo ya kuchorwa balbu, hiyo ni salama.

Taa zenyewe zinafaa au ni mapambo? Kwangu zinafaa, nisiwe mnafiki. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu, na yeye anaamka alfajiri kwenda shule, siwezi kuwasha taa ya darini saa sita usiku. Na mwenye laptopu, umeme ukikatika anaendelea kuandika kwa mwanga wa batani. Ila kwa kazi hiyo rangi moja inatosha, na rangi moja mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kwenye zenye rangi, wauzaji wanatupiga kwa neno RGB. RGB ya kweli unabadilisha rangi ya kila batani utakavyo. Nyingi za elfu arobaini ni upinde wa mvua uliogandishwa: upande huu nyekundu, katikati kijani, pale bluu, basi, hadi kufa kwake.

Cha kuangalia zaidi ni herufi inapitishaje mwanga. Chomoa batani moja uigeuze. Kama ndani ni plastiki nyeupe tupu na nje nyeusi, hiyo imepakwa rangi nyeusi na herufi imekwanguliwa. Ukicheza miezi michache, W na A zinakwanguka, mwanga unavuja pembeni, na herufi unaanza kuikisia. Zile nzuri zimetengenezwa kwa plastiki mbili tofauti zilizoshikanishwa, herufi ni plastiki yenyewe, haifutiki labda uikate. Ndani yake utaona kabisa rangi mbili zimeingiliana. Yangu ya kwanza A ilianza kumomonyoka kabla ya Ramadhani kufika.

Na lile neno mekanika? Usisikilize mdomo wa muuzaji, wala usitegemee kuona kile kimsalaba kidogo cha plastiki ya bluu ukichomoa batani, maana siku hizi hata za mpira zinawekewa msalaba wa kuigiza. Fanya hivi: Notepad iko wazi, bonyeza batani polepole kama unamgusa mtoto aliyelala. Kwenye mekanika herufi inatokea kidole kikiwa katikati ya safari. Kwenye mpira haitokei mpaka mpira ubonyee na ufike chini. Mimi nimeshamfanyia muuzaji mmoja kipimo hiki dukani kwake, hakunipenda.

Zamani mekanika ilikuwa ndoto kwa mtu wa kipato chetu. Swichi zilikuwa za Cherry ya Ujerumani, na bei ilikuwa ya Ujerumani. Hataza zao, yaani haki za kuzuia wengine wasiige, zilipokwisha muda, viwanda vya China kama Gateron na Outemu vikamwaga swichi za mfano uleule, na bei ikashuka. Rangi zina maana: bluu inalia kama kalamu ya kubonyeza, nyekundu inateleza bila mlio wake, kahawia iko katikati. Usinunue bluu kama unalala chumba kimoja na mtu. Mimi ninayo bluu, na mama ameshanigongea ukuta mara nyingi akidhani mvua imeanza juu ya bati.

Ndiyo, mwishowe niliipata, na ndiyo ushauri wangu mkubwa kwa mwenye elfu sitini: tafuta mekanika ya mtumba kabla ya mpira mpya. Mwezi wa saba wanachuo wanaomaliza wanarudi makwao na hawataki mizigo. Mmoja aliniuzia Redragon K552 kwa 60,000, nikaifanyia kipimo cha Shift pale pale kitandani kwake, herufi zote 26 zikatoka. Ina batani 87, yaani haina zile namba za kulia, na kwa gemu ni raha kwa sababu kipanya kinapata nafasi. Kwa kuchapa kilo za korosho ni mateso. Ukitafuta mtumba angalia pia lugha ya batani. Zilizotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, na zilizopitia Dubai huwa na herufi za Kiarabu pembeni, ambazo hazina ubaya wowote.

Kama mtumba haupatikani na lazima uagize Dar, kumbuka kutoka huku mpaka kule ni zaidi ya kilomita 500, na nauli ya kurudisha kitu kibovu inakula faida yote. Mwambie muuzaji akupigie simu ya video, achomoe batani moja aigeuze, ashike Shift mbili aandike alfabeti. Mwenye mali nzuri anafanya kwa dakika mbili. Aliyeanza kusema boksi halifunguliwi, mwache. Mimi yule wa kwanza sikumwomba anionyeshe chochote, nilimuuzia hela yangu kama mkulima anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, haraka na kwa hasara.

Jambo moja la watu wa pwani. Upepo wetu una chumvi. Skrubu za chini ya K552 yangu zimeanza kutu, na ile bamba ya chuma ndani nayo siiamini. Nikimaliza naifunika na kipande cha kanga, na kila baada ya muda nachomoa batani zote nipulize mchanga na kuwatoa sisimizi, ambao wanapenda makombo ya mihogo kuliko mimi. Kama nyumba yenu iko Shangani karibu na maji kabisa, ongeza umakini. Swichi ya batani moja ikifa, kwenye yangu imechomelewa, inabidi niende kwa fundi simu. Kuna ambazo swichi zake zinachomolewa bila fundi, ukiipata ya namna hiyo kwa bei yako usifikirie mara mbili.

Ile ya kwanza sikuitupa. Ipo steshenari, ina zile namba za kulia, taa zimezimwa moja kwa moja, na nimebandika kipande cha plasta juu ya Scroll Lock ili mteja asije akaigusa.