Kutambua mchango ni kazi ya bibi wa dawa

SWALI: Natafsiri hati hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12. Nimeletewa maneno ya tuzo ya ng'ambo wanayopewa watu walioiendeleza taaluma ya Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyetibu nafsi kwa mazungumzo, na kuifikisha kwa wasio na uwezo. Nimeandika hivi: "Tuzo hii inatolewa kwa kutambua mchango wake mkubwa katika kupanua wigo wa upatikanaji wa saikoanalisia kwa jamii." Je, ibaki saikoanalisia au niseme uchambuzi wa nafsi? Na ni kutuza au kutunuku?

JIBU: La saikoanalisia nitalijibu, tena kwa upole. Kwanza tumalizane na huo mchango.

Uko Ngamiani, ndugu yangu. Toka nje, umuulize mama yeyote mtu mzima mchango ni nini. Atakupa maana mbili. Moja ni ya harusi, unaijua, na kadi yake bila shaka unayo mfukoni. Ya pili ndiyo uliyoisahau: mchango ni mnyoo, ni maradhi ya tumbo, ndicho hicho kinachomsokota mtoto usiku wa manane, na wengine hukiita chango. Sasa nani anayeutambua mchango? Bibi wa dawa. Anabonyeza chini ya kitovu, anauliza maumivu yanapanda au yanashuka, anauliza kama mtoto anasaga meno usingizini, kisha anatoa hukumu: huu mchango. Akiongeza kwamba ni mchango mkubwa, andaa sufuria ya kuchemshia mizizi. Ndivyo ulivyomwandikia mtaalamu wa watu kwenye kibao cha shaba, akakitundike sebuleni.

Utaniambia hakuna atakayeelewa hivyo. Kweli. Hata bila mnyoo, sentensi yako inaumwa. Kutambua ni kukijua kitu kwa alama zake pale palipokuwa na shaka. Maiti iliyoopolewa mto Pangani hutambuliwa na ndugu zake, kwa kovu au kwa pete. Mshukiwa hutambuliwa kwenye gwaride la utambulisho. Fundi hutambua ugonjwa wa injini kwa mlio. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini mbele ya macho ya watu, alikuwa amejificha wapi hata leo ndiyo atambuliwe? Huyo hushukuriwa, husifiwa, huthaminiwa. Ukipenda kumuenzi, angalia kwanza kama yu hai, maana kitenzi hicho tumekizoesha makaburini, na familia ikikiona kwenye kibao itashtuka. Chuo "kinachotambuliwa na Serikali" sina ugomvi nacho: pale swali ni kama chuo kipo kweli au ni chumba kimoja na muhuri. Wasiwasi huo ndio unaoliita neno kutambua.

Halafu wigo. Wigo ni ua, boma la miti na matawi linalozuia wanyama na wezi. Ukiupanua umejimegea ardhi zaidi, na waliokuwa nje bado wako nje, sasa mbali kidogo. Kwa tuzo yenye nia ya kuwaingiza watu, hilo ni tusi.

Na tuangalie hao watu waliingizwaje. Tiba ya Freud ni ghali kwa maumbile yake. Mgonjwa analala kwenye kochi, mchanganuzi, yaani mtaalamu wa tiba hiyo, anakaa nyuma ya kichwa chake, dakika hamsini hivi, mara 4 au 5 kwa wiki. Mara 4 tu, ukitoa likizo, ni karibu vikao 200 kwa mwaka, na miaka yenyewe haiwi mmoja. Freud mwenyewe aliliona tatizo. Mwaka 1918, akihutubia wenzake Budapest, alisema siku itafika maskini atakuwa na haki ya kutibiwa nafsi kama alivyo na haki ya kupasuliwa na daktari, na kwamba pawepo zahanati za bure. Mwaka 1920 Max Eitingon, mfuasi wa Freud na mtoto wa wafanyabiashara wa manyoya, alifungua zahanati Berlin, sehemu kubwa ya gharama ikitoka mfukoni mwake. Mgonjwa alilipa alichoweza, na asiyeweza hakulipa. Vienna ikafuata mwaka 1922, London mwaka 1926. Jamani, nani hapo aliyepanua wigo? Walifungua lango. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kuwafikishia, nacho kinadai umtaje mtu aliyefikishiwa. "Upatikanaji kwa jamii" haumtaji yeyote. Mitungi ya gesi nayo ina upatikanaji.

Haya, saikoanalisia. Freud alilitumia jina hilo kwanza katika maandishi ya 1896. Ni Kigiriki: pumzi au roho upande mmoja, kufungua au kulegeza upande wa pili. Saikoanalisia imeshaingia madarasani, wanafunzi wa fasihi wanaiandika bila kutetemeka, na sitamfukuza mgeni aliyekwisha kupewa kiti. Ila ujue kwamba Freud aliandika kwa Kijerumani cha watu. Sehemu ya nafsi ambayo vitabu huiita "ego", yeye aliiita "mimi", basi. Kilatini kilipakwa na James Strachey alipomtafsiri kwa Kiingereza. Nasi tumeyapokea hayo ya Strachey na kutia irabu mwishoni.

Uchambuzi wa nafsi je? Hapana, na sababu iko jikoni. Anayechambua mchicha anachagua majani laini na kutupa mizizi, mashina magumu na majani yaliyotobolewa na wadudu. Sharti la kwanza la tiba hii linakwenda kinyume kabisa: mgonjwa aseme kila kinachomjia, kiwe cha aibu, kiwe upuuzi, kiwe hakihusiani na kitu. Hatupi hata shina. Mara nyingi lile jani lililotobolewa, ulimi ulioteleza ukataja jina la shangazi badala ya la mke, ndilo mtaalamu analolisubiri. Akianza kuchambua, tiba imeharibika. Wala usiite ushauri nasaha, kwa sababu mchanganuzi hashauri. Muulize uolewe au usiolewe, atakuuliza umekumbuka nini.

Sema uchanganuzi wa nafsi. Kuchanganua ni kuvitenga vilivyochanganyika ili kila kimoja kionekane, pasipo kukitupa. Na tazama lugha ilivyo na mzaha: changa, changanya na changanua ni watoto wa nyumba moja, na mchango wako yumo. Katika hotuba ileile ya Budapest, Freud alikiri kwamba siku tiba itakapowafikia wengi, dhahabu safi ya uchanganuzi italazimika kutiwa shaba ya ushawishi. Yaani ili kuwachanganulia wengi, itabidi kuchanganya. Kijerumani chake hakikumpa mchezo huo wa maneno, sisi tumepewa bure na hatuutumii.

Kuhusu kutuza, nashangaa mtu wa Tanga kuuliza. Taarabu ikikolea, ubeti ukimgusa mtu pale panapomuuma, huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, noti juu, akamtia mwimbaji mkononi. Huko ndiko kutuza, na tuzo imezaliwa humo. Wengi Pwani husema kutunza, na si kosa, lakini kwenye hati epuka: "ametunzwa kwa miaka thelathini" ni habari ya mgonjwa. Kutunuku kumetoka kwenye tunu. Wazee walisema kumtunukia mtu, vyuo vikakipeleka kitenzi kwenye shahada, nacho kimezoea joho. "Kutunukiwa tuzo" si kosa, ni kuvaa kanzu mbili. Freud mwenyewe mji wa Frankfurt ulimtuza mwaka 1930, Tuzo ya Goethe, yenye jina la mshairi. Alikuwa mgonjwa, akaenda binti yake Anna kuipokea. Nobel hakuiona, ingawa alipendekezwa mara nyingi.

Kibao chako kina maneno 17, na hakuna hata moja linalosema mtu alifanya nini. Mrudie mteja, umuulize mambo matatu: alifanya wapi, tangu lini, waliofaidika ni nani. Kisha andika: "Ametuzwa kwa kuwafikishia wasio na fedha uchanganuzi wa nafsi," ufuate mji na miaka. Maneno tisa kabla ya mji. Fundi wa nakshi atakushukuru, kwani hutoza kwa herufi, na "upatikanaji" peke yake umekula kumi na moja.

Mteja aking'ang'ania "kutambua mchango", mwandikie. Vita hii nimeshaona inakoelekea, na maofisi yana mihuri mingi kuliko mimi. Ila akulipe kwanza, kabla kibao hakijapita mbele ya bibi wa dawa.