Jiwe la baba: mteja wa shamba asubiri kwanza

Pole sana, mdogo wangu. Jiwe la milimita 8 kwenye mrija wa figo linatesa, naelewa kwa nini ndugu zako hapo Uyole wanataka kuuza shamba mzee apelekwe India akapigwe leza ya kuvunja jiwe. Ila nendeni kwanza Hospitali ya Rufaa Mbeya na CD ya picha za CT-skani, si karatasi ya majibu tu. Daktari akisema ni leza, mwombe aulizie kama inapatikana hospitali za Mloganzila, Dar es Salaam, na Benjamin Mkapa, Dodoma.

Mkiamua India, ulizeni kama chanjo ya homa ya manjano inahitajika; ikihitajika, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Halafu kuna jambo mawakala wa kupeleka wagonjwa nje hulipita juu juu: baada ya leza mara nyingi huachwa kimpira ndani, kutoka figo hadi kibofu. Kinakera, mkojo unaweza kuwa na damu. Ulizeni nani atakitoa na lini, waandike kabisa. Kikisahaulika miezi mingi, nacho huota mawe.

Mzee akianza homa na kutetemeka, achaneni na habari za visa, mkimbizeni Rufaa usiku huohuo. Figo iliyoziba ikiingia maambukizi inaua.