Nyota Tano za Mwaka Gani?

*Fundi anajibu maswali yenu ya magari*

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunatafuta gari dogo la familia, lile la milango mitano ambalo buti lake linafunguka pamoja na kioo. Watoto ni watatu: mkubwa ana miaka tisa, wa mwisho miezi kumi. Tumeona magari mawili yaliyotumika. La kwanza la zamani kidogo, na muuzaji anatuambia lilipata nyota tano kwenye majaribio ya ajali. La pili ni la karibuni, lina nyota nne. Shemeji yangu anasema hapo hakuna cha kufikiria, tano ni tano. Mume wangu yeye amependa rangi ya lile la kwanza. Tuchukue lipi?
— Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mama. Shemeji yako hesabu anaijua, ila hajauliza hizo tano ni za mwaka gani.

Chukua mfano wa Fiat Punto, gari la aina hiyo hiyo mnayotafuta. Mwaka 2005 lilipimwa na Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari na kutoa nyota, likapata tano kwa kulinda watu wazima. Desemba 2017 likapimwa tena, kimsingi gari lile lile, likatoka na sifuri. Halikuwa limeoza. Mtihani ndio ulikuwa umepanda darasa, lenyewe limebaki pale pale.

Zamani nyota za watu wazima zilihesabiwa peke yake. Mwaka 2009 nyota zikawa za jumla, zikichanganya mambo manne: watu wazima, watoto, waenda kwa miguu na wengine walio nje ya gari, na vifaa vya kuzuia ajali, kama breki zinazojikamata zenyewe dereva akichelewa. Hata namna ya kugongesha imebadilika. Zamani gari lilikwenda kilomita 64 kwa saa kugonga kizuizi kilichosimama, kwa asilimia 40 ya uso wake. Tangu 2020 linakwenda 50, na toroli la kilo 1,400 linakuja mbele yake kwa kasi hiyo hiyo.

Kwa hiyo usisome nyota tu, soma asilimia zilizo chini yake. Dacia Sandero Stepway la 2021 lilipata nyota mbili, na watu wakalicheka, lakini kwa watu wazima lilikuwa na asilimia 70. Kilicholiangusha zaidi ni alama za waenda kwa miguu na za vifaa vya kuzuia ajali. Wewe mwenye watoto watatu, anza na mstari wa watoto. Kama lile la kwanza lilipimwa kabla ya 2009, nyota zake tano usizilinganishe kabisa na hizo nne.

Halafu kuna jambo ambalo nyota haziwezi kukuambia. Nyota zilipewa gari jipya, lililotoka kiwandani likiwa kamili. Hilo mnaloliangalia nyinyi limeshapita mikononi mwa watu.

Nimenyoosha bodi miaka kumi na tisa kabla mgongo haujanistaafisha. Siku moja nililetewa gari lenye rangi safi, mwenyewe analalamika honi tu. Nikafungua kifuniko cha usukani. Mahali pa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, palikuwa na tambara la kufutia mikono, limekunjwa vizuri kama leso. Pembeni, kwenye waya, mtu amechomelea kirezista kidogo ili kompyuta ya gari idhani eabegi ipo na taa isilalamike. Mama aliyekuwa akiliendesha alikuwa amebeba wanawe humo miezi minane.

Sasa fanyeni hivi, kwa magari yote mawili. Washeni swichi bila kuwasha injini: taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izime. Isiyowaka kabisa mimi huiogopa kuliko inayobaki inawaka, maana hiyo huenda kuna mtu kaichomoa. Kwa kuwa taa hudanganywa, kama nilivyosimulia, vuteni kila mkanda mpaka mwisho. Ulioshika mtu kwenye ajali huwa umetoa nyuzi au umefanya mawimbi, na mara nyingine hugoma kurudi. Chini kabisa kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mpya kwenye gari la zamani una hadithi, muulizeni muuzaji awasimulie. Tazameni pia kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria, kama kuna mshono wa gundi au rangi isiyofanana na jirani yake.

Na nendeni na viti vya watoto mkononi. Magari mengi ya saizi hiyo yana ndoana za ISOFIX, za kunasia viti vya watoto, kwenye viti viwili vya pembeni nyuma, cha katikati kina mkanda tu. Vifungeni vyote vitatu hapo hapo, milango ifungwe, ndipo mzungumze bei. Wa miezi kumi aendelee kutazama nyuma ya gari, angalau mpaka apite miezi kumi na mitano. Asiwekwe hivyo kiti cha mbele chenye eabegi inayofanya kazi, hata kwa safari ya dakika mbili: ikifumuka, inapiga mgongo wa kiti chake.

Mimi ningechukua la nyota nne, kama mikanda yake ni mizima na viti vitatu vimeenea. Rangi itapakwa.

SWALI: Fundi, gari letu lina eabegi sita. Walio nyuma bado wafunge mkanda?
— Mwenye Haraka

JIBU: Wafunge. Eabegi hufumuka kwa kama sehemu tatu za mia za sekunde, na imepimwa kwa mtu aliyekwisha kushikwa na mkanda. Asiyefunga nyuma humrukia aliye mbele yake na uzito wake wote. Na huyo wa mbele anayependa kupandisha miguu kwenye dashibodi, mwambie aishushe leo. Eabegi yake inatokea pale pale.